Kaimu Bashiri na Hoteli Yake ya Nachingwea

Kaimu Bashiri hakuzaliwa mpishi. Kwetu Chiola mwanamume hakukaa jikoni, na hata mvulana aliyeonekana akikoroga chungu alishinda siku hiyo akizomewa na wenzake. Upishi aliukuta Lindi, alikokwenda akiwa kijana kutafuta fedha ya kodi ya kichwa. Mhindi mmoja mwenye duka la nguo alimwajiri abebe marobota. Siku moja mpishi wake akaugua, Kaimu akaitwa jikoni kupuliza moto, na hakutoka humo kwa miaka sita. Humo alijifunza chapati, dengu, sambusa na pilau. Wali wa nazi na samaki wa kupaka alijifunza kwa mama mmoja wa Kipwani aliyeishi uani kwa Mhindi huyo.

Mwaka 1948 akapanda juu Nachingwea, kwa kuwa dunia nzima ilikuwa inapanda Nachingwea. Mradi wa Karanga wa Waingereza ulikuwa unang'oa pori ili kulima mashamba. Walikuwapo Wanyasa waendesha matrekta, Wangoni, Wahehe, Wamakonde waliovuka Ruvuma, mafundi wa Kihindi na makarani wa Kigoa. Wote hao walikuwa wanaume wasio na wake karibu, na kila mmoja alikuwa na tumbo lililozoea chakula cha kwao. Kaimu akajenga kibanda cha udongo kando ya barabara, akakiezeka kwa mapipa ya mafuta yaliyopondwa. Mkewe Hajira, mtu wa Chinongwe, alipika ugali wa mahindi kwa ajili ya Wanyasa, ugali wa muhogo na kisamvu kwa ajili yetu, na ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha ilipopatikana. Kaimu mwenyewe alishika chapati na michuzi. Ijumaa ilikuwa pilau. Nilikuwa nang'oa visiki wakati huo, na nilikula hapo karibu kila siku. Sijala tena chapati kama zile, na wanaouza chapati leo ningewashauri wauze sabuni.

Lakini ili mtu aelewe yaliyompata Kaimu, lazima kwanza ajue tulivyokula Chiola. Kila upande wa kijiji ulikuwa na baraza lake, kibanda kisicho na kuta. Jua likisimama utosini, kila mwanamke alituma chakula chake pale. Wanaume walikaa duara, na vyakula vyote viliwekwa katikati. Hukula cha mkeo, ulikula cha wote. Mjane alikula, mgeni aliyekuwa anapita akaitwa alikula, na mvivu naye alikula huku akisemwa. Mwenye njaa hakuwa na haja ya kufungua mdomo ila kwa kutafuna. Mzee Bashiri, baba yake Kaimu, ndiye aliyekuwa akisimama kila siku ukingoni mwa baraza letu na kuita njiani, "Karibuni, chakula tayari!"

Kwa hiyo Kaimu alipokwenda kumwarifu, mambo hayakuwa mepesi.

"Baba, nimefungua hoteli."

"Hoteli ndiyo nini?"

"Nyumba ya kula. Mtu anaingia, anakula, anatoa senti zake, anakwenda."

Mzee Mikidadi, rafiki wa Bashiri tangu wakiwa jandoni, akaingilia. "Na asiye na senti?"

"Haingii, mzee wangu."

Mikidadi alicheka hadi akakohoa. "Bashiri, wenzako wanazaa wakulima wa ufuta. Wewe umezaa mkulima wa njaa! Anapanda njaa, anavuna senti!"

Bashiri hakucheka. "Ufuta unauzwa, Kaimu. Mahindi yanauzwa. Chakula kikishaiva ni cha aliyefika."

"Kule hakuna baraza, baba. Wale watu hawajuani."

"Watajuanaje, kama hawali pamoja?"

Kaimu akainuka kuaga. Akasema, "Njoo siku moja ule kwangu. Ukila, utaona hapana ubaya."

"Nitakuja," mzee akajibu, bila kutaja siku.

Tangu hapo Kaimu alikuwa na haja moja iliyozidi haja ya fedha: baba yake aje ale. Chiola walikuwa wanasema kwamba hoteli ile haina radhi, na maneno hayo yalimfikia, kwa kuwa sisi wenyewe tuliokula kwake ndio tuliombebea. Kila mtu wa nyumbani alipoingia, swali la Kaimu lilikuwa hilo hilo: "Mzee kasemaje? Anakuja?"

Akaja. Ilikuwa Ijumaa, mwaka 1950, baada ya mavuno. Alilala Nambambo kwa ndugu zake, akafika Nachingwea wakati watu wanatoka msikitini. Alivaa kanzu yake ya Idi, iliyofupika kwa kufuliwa, na miguu yake mitupu ilikuwa myekundu kwa vumbi. Hakuwa amemwambia mtu kwamba atakuja. Nilikuwa ndani, na nilimwona akisimama mlangoni, akipiga hodi kama mtu anayeingia nyumbani kwa mtu. Hakuna aliyemwitikia, maana hotelini hakuna hodi. Akaingia, akakaa kwenye benchi karibu na Tadeo, dereva wa trekta kutoka upande wa Ndanda, mtu mwenye ulimi mkali.

Siku hiyo hiyo karani mmoja wa Kigoa alikuwa mezani akionja. Kontrakta wake alitaka kumpa Kaimu kazi ya kulisha mafundi arobaini, na karani ndiye aliyetumwa kuona kama mahali ni pa heshima. Kaimu alikuwa amesimama mbele yake, amefunga kitambaa cheupe kiunoni. Alipomwona baba yake, uso wake ulifunguka, kisha ukafungika. Alimwashiria mtumishi apeleke pilau kwa mzee. Naamini alikuwa amepanga moyoni kwamba karani akiondoka tu, atakwenda kukaa naye.

Pilau ikaja. Mzee Bashiri aliitazama ile sahani moja, akatazama kulia na kushoto, akasubiri. Hapakuwa na aliyesogea. Basi akainuka, akaenda mlangoni, akaita barabarani kwa sauti yake ile ya Chiola:

"Karibuni! Chakula tayari! Karibuni tule!"

Watu wawili waliokuwa wanapita, vibarua wageni, wakaingia kweli. Mzee akawakalisha. Akasukuma sahani yake katikati ya meza, akavuta na sahani ya Tadeo ikae pamoja nayo, akasema bismillahi, akatia mkono kwenye mchuzi wa Tadeo.

Kwetu hiyo ndiyo adabu. Anayekaa karibu nawe akaacha kugusa chakula chako amekudharau.

Tadeo aliruka. "We mzee! Una kichaa? Hiki nimenunua!"

"Na hiki changu, mwanangu. Vyote vipo. Kula."

"Kula nini? Kanitilia mavumbi ya Masasi nzima kwenye dengu! Kaimu, njoo umtoe huyu! Au leo umeleta mganga wa kutuombea?"

Hoteli nzima ikacheka. Wanyasa walipiga meza. Karani aliweka kijiko chini akamtazama Kaimu, kana kwamba anauliza: ni nani huyu?

Kaimu akaja. Angeweza kusema, huyu ni baba yangu. Ni maneno machache tu, na yangetosha kuwanyamazisha wote. Mimi pia nilimjua mzee yule, nilikula mkononi mwake nikiwa mtoto, na ningeweza kuyasema. Nilikuwa nimeinamia sahani yangu.

"Mzee," Kaimu alisema, "hapa kila mtu anakula chake."

Bashiri hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika. Alifuta vidole kwenye kanzu yake, akawageukia wale vibarua wawili aliowaita, akawaomba radhi kwa kuwasumbua. Halafu akamwambia Tadeo, "Nimekosa, bwana. Mimi ni mgeni wa mji huu." Akatoka.

Hajira alikuwa jikoni nyuma ya mkeka, na mkwe hatokezi mbele ya baba mkwe wake. Lakini aliona yote kwenye upenyo. Alitoka mbio kwa mlango wa nyuma, akamwahi njiani, akapiga magoti vumbini huku amejifunika uso, ameshika bakuli la wali.

"Baba, nakuomba. Walau tonge moja, usirudi hivi."

"Inuka, mwanangu. Moto umeuacha peke yake, chakula cha watu kitaungua." Hakulipokea bakuli. Alirudi Nambambo bila kula.

Kaimu alipata kazi ya mafundi arobaini. Aliifanya miezi mitatu. Mwanzoni mwa mwaka 1951 ikatangazwa kwamba Mradi wa Karanga umeshindwa, na watu wale wote waliojaa kama siafu wakaondoka kama siafu. Matrekta yaliachwa yakiota kutu. Hoteli ikabaki na wateja watano, kisha wawili. Alisema atarudi nyumbani mwezi ujao, na mwezi ulipofika akasema ujao. Aibu ilikuwa imemkalia mlangoni. Hajira alichoka kumsihi, akatangulia na watoto Chinongwe kwa wazazi wake.

Kilichomtoa ni ujumbe wa mama yake, Bi Biasha, mwaka 1952. Ulikuwa mfupi. "Baba yako anakwisha. Si homa. Chakula kipo. Njoo."

Alipofika Chiola, hakuitambua. Sisi tuliotoka kwenye Mradi tulirudi na mageuzi yetu. Tulijenga nyumba zenye vyumba vya mbele na milango ya mbao. Tulileta sahani, meza na vijiko, na kila mtu akala ndani na mkewe, mlango umefungwa. Tuliuita huo ustaarabu. Hakuna aliyekutana na mwenzake akasema tuache baraza. Kila mmoja aliacha kutuma chakula chake, akidhani wengine wapo. Mzee Mikidadi alikuwa amekwisha kufa. Na pale ukingoni, jua likiwa utosini, alikuwa amekaa Mzee Bashiri peke yake, mbele yake ugali na kisamvu cha Bi Biasha, anasubiri.

"Kila siku hivyo," mama akamwambia Kaimu. "Anakaa hadi kipoe. Anasema hawezi kula peke yake, si mbwa. Jioni ananirudishia."

"Na wewe, mama, mbona huli naye?"

"Nikale barazani na wanaume? Nilijaribu kumwita ndani. Anasema, 'Nikiingia, akipita mtu mwenye njaa?'"

Kaimu akaenda akapiga magoti. Mzee alikuwa mifupa na macho.

"Karibu," akasema baba yake, kwa upole ule ule ambao angemwambia mpita njia yeyote.

"Baba, nimekuja kukuomba radhi. Siku ile..."

"Radhi nilikupa njiani siku ile ile, kabla sijafika Nambambo. Mzazi hatembei na mzigo wa namna hiyo. Nawa tule."

Walikula. Mzee alimeza matonge mawili, kama mtu anavyokula kumstahi mgeni, kisha mkono ukasimama.

"Kula, baba."

"Nashindwa, Kaimu. Si ubishi. Koo halifunguki. Nilizoea sauti za watu wakila."

Kaimu akasimama, akaenda nyumba kwa nyumba. Mimi niko nyumba ya tatu. Nilisikia hodi, nikasikia anasema, "Ndugu yangu, njoo ule na baba. Tonge moja tu, akusikie." Sahani yangu ilikuwa mezani. Nikajibu bila kufungua, "Tumeshakula, Kaimu." Nyumba ya nne ilikuwa ya Dastani, aliyekuwa fundi wa matairi kwenye Mradi. Yeye alifungua, walau alikuwa na ujasiri huo.

"Unatuita leo?" Dastani akamwambia. "Nimekula kwako mwaka na nusu. Kuna siku ulikaa nami benchi moja?"

"Hakuna."

"Basi."

Kaimu alizunguka nyumba kumi na moja, akarudi peke yake. Alihamia Chiola. Kila mchana alikaa na baba yake barazani, akimpigia hadithi za Wahindi wa Lindi, akila kwa kelele makusudi, akicheka peke yake kama watu wanne. Mzee alimeza mawili, siku nyingine matatu. Mvua za masika hazikumkuta.

Siku ya tatu ya matanga kijiji chote kilikuja. Hapo hakuna wa kukataa, kwa kuwa chakula cha matanga hakikataliwi. Wanawake walituma vyungu kutoka kila nyumba kama zamani. Masinia yalipangwa, wanaume tukakaa duara hadi tukamwagika nje ya baraza, na kelele za kula zikawa kama za soko. Dastani alikuwapo, alikula sana. Kaimu hakukaa. Alishika birika na beseni, akapita kwa kila mmoja akitunawisha, kichwa ameinamisha, akisema, "Karibuni, karibuni." Aliponifikia nilitaka kusema neno. Nikanyoosha mikono, akamimina maji, nikanawa, nikala.