Baba Yupo Hai

Wenzake wa dobini walimwita Kimya, naye alilipokea jina hilo kama alivyopokea kila kitu: bila neno. Alikuwa binti wa miaka ishirini. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi shuka za nyumba za wageni na mashati ya maofisa, na kwa kunyoosha kola hakuwa na mpinzani. Alilala chumba cha nyuma, kwa Mama Dobi mwenye biashara, ambaye zamani alikuwa jirani yao.

Kwao hakufukuzwa. Mama yake aliondoka yeye akiwa darasa la nne, akaolewa mbali, na namba yake ya simu ikawa ya mtu mwingine. Baba, fundi wa friji, akaoa tena. Nyumba ikajaa watoto wadogo, baba akamwambia akakae kwa Mama Dobi wiki mbili tatu, wajipange. Alikuwa na miaka kumi na minne. Hakuna aliyegombana na mtu. Alihamishwa kama kiti kinachozuia njia, na kiti hakiulizi kitarudishwa lini. Sekondari alijisomesha kwa kupiga pasi.

Alipopata nafasi ya chuo, kusomea kazi za maabara, alichukua fomu ya msaada wa masomo akaipeleka ofisini. Karani wa dirishani, bwana mmoja mwenye kalamu tatu mfukoni, aliipitia kwa kidole.

"Sehemu ya mzazi umeiacha wazi."

"Hanihudumii."

"Amefariki?"

"Yupo hai."

Karani akakuna sikio. "Sasa dada yangu, yatima ana cheti cha kifo. Mwenye mzazi mgonjwa ana barua ya hospitali. Wewe una nini?"

Kimya alifikiri kweli, kana kwamba kuna karatasi aliyoisahau nyumbani. "Sina."

"Basi baba aandike mwenyewe kwamba hakuhudumii. Mstari mmoja na saini, inatosha. Fomu zinafungwa Ijumaa."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Kesho yake alimkuta baba karakanani, amepiga magoti nyuma ya friji lisilo na mlango. Akamwamkia, akamweleza. Baba alifuta mikono, akaisoma fomu yote, hata yale maandishi madogo ya chini.

"Niandike kwamba nimemtupa mwanangu? Kwa mkono wangu huu?"

"Si kutupa, baba. Ni kwamba hunilipii."

"Nani kasema silipi? Mambo tu hayajakaa sawa. Uchungu wa mwana aujua mzazi, hao wa ofisini watajua nini?"

Akachukua kalamu. Palipoulizwa nani atagharamia masomo, akaandika jina lake, akaweka saini ndefu yenye mkia. Halafu akamwita fundi mwenzake aje kumwona binti anayekwenda chuoni.

Kimya alisema asante. Njiani alijua fika kwamba fomu imeharibika. Alilijua jambo hilo kama mtu aliye ndani anavyojua kuwa nje kunanyesha. Fomu nyingine hakuwa nayo, na siku ilikuwa imebaki moja. Ijumaa asubuhi akaipeleka hivyo hivyo.

Baada ya wiki tano barua ya jibu ikaja: ombi limekataliwa, kwa kuwa mwombaji ana mzazi aliye tayari kumgharamia. Aliisoma mara moja, akaikunja, akaiweka chini ya kopo la wanga, akaendelea na foronya zake. Mama Dobi ndiye aliyeiona, alipolinyanyua kopo.

"Hii imekuja lini?"

"Jumanne."

"Leo Alhamisi. Wewe mtoto, nyumba ikiungua utasubiri majivu ndipo uniite?"

"Ningekuambia, mama."

"Huna hata chozi?"

Kimya aliigeuza foronya, akapiga upande wa pili. Alijitafuta ndani kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba asichokijua, asiione.

Mama Dobi alikuwa na mdomo wa watu wawili, na pengine ndiyo sababu waliishi vizuri. Alikwenda ofisini mwenyewe, akarudi na habari kwamba kuna rufaa na mashahidi wanasikilizwa. Akaandika barua kwa mkono. Mwalimu mkuu wa sekondari naye akaandika, akagonga muhuri, akieleza kwamba kwa miaka minne kikao cha wazazi kilihudhuriwa na dobi.

Kamati ilikuwa ya watu watatu nyuma ya meza ndefu. Kimya alikaa mbele yao, Mama Dobi pembeni, ameambiwa asiseme mpaka aulizwe.

"Viatu ulivyovaa, nani kakununulia?" aliuliza mwenyekiti, mama mwenye miwani.

"Mteja aliviacha dobini akahama. Tulimngoja mwaka mzima."

Mmoja wao akacheka, akajizuia. Mwenyekiti hakucheka. "Binti, wengi wanaokaa hapo wanalia. Wewe unaongea kana kwamba ni habari za jirani. Tukuaminije?"

"Sijui niseme kwa namna gani. Mkiniuliza nitajibu."

Wakaamua kumpigia baba, simu ikawekwa mezani, sauti ikafunguliwa wote wasikie. Baba aliitika kwa heshima zote. Ndiyo, ni mwanawe. Ndiyo, anamhudumia, asingekana damu yake.

"Vizuri, mzee. Anakwenda kusomea nini?"

"Udaktari."

"Ana miaka mingapi sasa?"

Sauti ya nyundo ikasikika mbali. "Kumi na sita," baba akasema. "Au kumi na saba. Mke wangu ndiye anayeweka hesabu hizo."

"Anaishi wapi?"

"Yupo hapa kwa jirani, kwa muda tu. Tunajipanga."

Hakuwa akidanganya, aliyaamini maneno yake, na hilo kila mtu pale alilisikia. Mwenyekiti alimshukuru, akakata simu, akavua miwani. Mama Dobi alishika kiuno na kutazama dirishani. Kimya aliona kwamba kitambaa cha meza kilipigwa pasi vibaya, mkunjo umelala upande.

Msaada ulitoka. Ulilipa masomo na chakula; malazi hayakuwamo, hivyo akabaki chumba cha nyuma, na Jumamosi akaendelea na kola. Siku majina yalipobandikwa, waombaji wenzake walirukaruka. Yeye alilisoma lake mara tatu kuhakikisha herufi, akaenda kuwahi zamu.

Mwezi wa pili wa masomo alipita karakanani kumsalimia baba. Kulikuwa na mteja anayesubiri friji. Baba akamshika bega akamvuta mbele.

"Huyu ndiye daktari wangu. Namsomesha mwenyewe."

Mteja akampongeza. Kimya alimtazama baba, mvi zimemwingia juu ya masikio, uso unang'aa kwa furaha isiyo na hila. Maneno aliyakuta mdomoni yamejipanga tayari, machache tu. Lakini ugomvi unataka nguvu, naye alikuwa na mtihani Jumatatu.

"Asante," akamwambia mteja, akaaga, akaenda kusoma.