Unga Mweupe Chini ya Chupa

Ukitaka kumkasirisha Mama Vichupa, mwambie maji yanaonekana safi. Utajuta. Atakushika mkono mpaka dirishani, anyanyue glasi kwenye mwanga, akuulize, "Haya, unaona nini humo?" Ukisema huoni kitu, atakujibu, "Ndiyo maana yake. Huoni. Sasa tuachie sisi tunaopima."

Jina hilo alipewa na watoto wa mtaani, likamganda mpaka kazini. Miaka ishirini na saba sasa anaupima mto mmoja na mabwawa yake mawili, la juu na la chini. Kila Jumanne na Alhamisi utamwona anapanda na kushuka, kasha la barafu begani, mabuti ya mpira miguuni, penseli imechomekwa kwenye nywele. Vituo vyake ni tisa. Cha kwanza kiko kule kwenye chemchemi, ambako vidole vinakufa ganzi kwa baridi. Cha tisa ni bomba la chuma nje ya nyumba ya pampu, pale maji ya bwawa la chini yakishachujwa na kutiwa dawa, tayari kwenda majumbani. Kila kituo anajaza chupa mbili, chupa na dada yake, ili moja ikibishiwa ya pili itoe ushahidi. Na kila Ijumaa asubuhi anaandika hesabu za wiki kwa chaki kwenye ubao uliopigiliwa kwenye geti la bwawa la chini, mwenye macho asome. Yakiwa safi anaandika, yakiwa machafu anaandika, na anayenuna anune.

Nyumbani ana sebule ndogo, makochi mawili, na cherehani ya mumewe chini ya dirisha. Ukutani kuna cheti kwenye fremu ya kioo: mfanyakazi bora, mwaka wake wa kwanza kazini, kwa sababu kituo cha tisa kilitoa sifuri ya vijidudu miezi mitano mfululizo, tena msimu wa mvua. Mumewe, fundi cherehani asiyejua kunyamaza, hukifuta vumbi kila Jumamosi na kumsomea kila mgeni, hata kama ni mteja aliyekuja kupunguza suruali. Mama Vichupa hukaa kwenye kochi lililokipa mgongo. Mume anadhani anakwepa jua.

Mwaka huu ndipo mambo yalipoharibika. Bwawa la chini lilikuwa limefungwa miezi minane kwa matengenezo, na mtaa mzima ulikuwa unategemea bwawa la juu, ambalo nalo lilishuka mpaka matope yakaanza kupasuka. Maji yakawa yanatoka mara mbili kwa wiki. Foleni za ndoo, matusi, watu kurushiana mifuniko. Meneja wa mamlaka ya maji akataka kufungua koki kuu ya bwawa la chini. Shida ilikuwa moja tu: juu kidogo ya kituo cha sita, kati ya mabwawa hayo mawili, kulikuwa kumejengwa machinjio mapya, na shimo lao la taka lilikuwa linafurika na kumwagikia mtoni. Mama Vichupa alipima kituo cha tisa, maji yakiwa yameshatiwa dawa, akakuta vijidudu arobaini mahali panapotakiwa sifuri. Na fomu ya kufungua koki haiendi popote bila saini ya mpimaji.

"Mama, watu wana kiu," Meneja alimwambia ofisini, fomu imelala mezani, kalamu juu yake.

"Kiu naijua, Meneja. Mimi naishi huko huko, ndoo zangu tatu ziko tupu sasa hivi. Lakini nataka wanywe maji, sio mavi ya ng'ombe."

"Angalia lugha yako."

"Wewe angalia mto."

Meneja hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa anapigiwa simu kutwa na wakubwa zake, na viatu vyake vilivyong'aa vilikuwa havijawahi kukanyaga ukingo wa mto. Akaamua kwenda kuchukua sampuli mwenyewe, akatae au akubali kwa mkono wake. Wakashuka wote wawili hadi kituo cha tisa. Mama Vichupa akampa chupa iliyotoka maabara imefungwa vizuri. Meneja akaifungua, akachungulia ndani, akaguna.

"Ee! Ndiyo chupa zako hizi? Ona unga huu mweupe chini. Uchafu mtupu!"

Kabla hajajibiwa, ameshaipeleka bombani. Akaisuuza, akaitikisa, akamwaga. Akasuuza tena, mara tatu, kama mtu anayeosha kikombe cha mgeni. Kisha akaijaza na kuifunga, amejiridhisha.

Mama Vichupa alikuwa amefungua mdomo. Badala ya kumkataza, akainamia kasha lake. Maana ule unga si uchafu, ni kinga. Maji ya bombani huwa bado yana dawa, na dawa hiyo ikiachwa inaendelea kuua vijidudu ndani ya chupa njia nzima. Unga unaizima pale pale, ili hesabu ifike maabara kama ilivyotoka bombani. Ukiumwaga, chupa inafika safi kabisa, na wewe unashangilia. Lakini mtu aliyekinga kikombe bombani akanywa hapo hapo, hakungoja dawa imalize kazi, kameza vyote.

Alilijua kosa hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu alilifanya yeye. Mwaka wake wa kwanza wote aliuona unga, akauona uchafu, akasuuza. Miezi mitano ya sifuri. Akapigiwa makofi, akapewa cheti. Mwaka uliofuata, kwenye mafunzo, mwalimu alinyanyua chupa na kusema, "Huu msiumwage," na yeye akaanza kuhesabu chupa zote alizosuuza. Kwa maana katika ile miezi mitano, jirani yake wa ukuta mmoja alikuja na mtoto wa miaka miwili mgongoni, akamuuliza, "Dada, si wewe unayepima? Haya maji vipi?" Naye akajibu kwa majivuno ya kazi mpya, "Maji hayana neno. Nimeyapima kwa mkono wangu." Jirani akaacha kuchemsha. Mtoto akaharisha siku nne, wakamzika. Mama Vichupa aliporudi kutoka mafunzoni, hakumwambia mtu. Toka hapo hajawahi kusuuza chupa ile, wala hajawahi kumtazama jirani machoni kwa muda mrefu.

Siku ile bombani alichofanya ni kujaza chupa zake mbili bila kusuuza, akazipanga pembeni ya ile ya Meneja. Majibu yakatoka kesho yake jioni. Ya Meneja, sifuri. Zake, arobaini na moja na thelathini na tisa. Mtaalamu wa maabara, mtu mpole anayeongea taratibu mpaka unataka kumsaidia, alijaribu kueleza habari ya unga. Meneja akamkata. Alikuwa ameshachimbua jalada la zamani stoo.

"Basi mnieleze hii," alisema, akipiga ukurasa kwa kidole. "Bomba lile lile. Mvua zinanyesha, mto umechafuka kuliko leo. Mpimaji ni huyu huyu. Sifuri, sifuri, sifuri, miezi mitano! Bila shaka hizi chupa zilikuwa na unga wenu. Mitambo ileile iliweza wakati ule, leo imeshindwa? Mama amezeeka, mkono wake umechoka. Jumamosi naita mkutano wa wakazi, nawasomea haya, koki inafunguliwa."

Ijumaa jioni Mama Vichupa alipanda juu ya kiti akashusha cheti ukutani.

"Nimeshakifuta hicho," mumewe alisema bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Najua. Kesho nakwenda nacho." Akamwambia yote, amesimama, fremu mkononi. Cherehani ikanyamaza. Fundi akakikunja kitambaa mapajani, akakikunjua.

"Na yule mtoto wa Jirani?" aliuliza mwishowe.

"Ndiyo."

"Mke wangu, umebakiza miaka mitatu ustaafu. Waambie tu unga ni muhimu, basi. Kwani lazima useme ni wewe?"

"Nikificha langu, jalada lile linabaki kweli. Na jalada lile ndilo litakalofungua koki." Akaketi kwenye kochi lingine, lile linalotazama ukuta mtupu. "Waninyonge wakitaka. Maji yale hayaingii nyumba ya mtu kwa sifuri zangu. Sio mara ya pili."

Fundi hakubisha tena. Alichukua gazeti na kamba, akamfungia fremu isije ikavunjika njiani.

Jumamosi uwanja wa nyumba ya pampu ulijaa. Mbele kwenye benchi alikaa Jirani, ambaye siku hizi ndiye mwenyekiti wa wakazi, mwanamke mkavu wa sauti ndogo ambaye wanaume wazima humwomba ruhusa ya kukohoa. Meneja alisoma jalada la zamani kwa sauti. Watu wakapiga makofi. Mmoja akapaza sauti, "Mama Vichupa, tuonee huruma, tumechoka kunuka!" Kicheko kikazuka, naye akacheka kidogo, maana ilikuwa kweli wananuka, hata yeye. Kisha akasimama, akafungua gazeti, akainua fremu.

"Hizo sifuri ni zangu," alisema. "Na ni za uongo. Sikukusudia, lakini ni za uongo. Nilisuuza chupa kama alivyosuuza Meneja juzi. Niliuona unga nikadhani uchafu. Mwaka wa pili nikajua nilichofanya, nikanyamaza, nikaacha hiki kining'inie ukutani. Dawa ilikuwa inaua vijidudu chupani, na nyinyi mlikuwa mnavinywa majumbani. Hiyo ndiyo siri ya jalada mnalopigia makofi."

 Jirani alikuwa ameshainuka.

"Ni mwaka ule?"

"Ni mwaka ule."

"Nilipokuja ukutani na mtoto mgongoni, ukaniambia nisichemshe?"

Mama Vichupa alitaka kusema kwamba neno kuchemsha halikutajwa. Akajichukia kwa kulifikiria tu. "Nilikwambia maji hayana neno. Ndiyo. Nilikudanganya na sikujua, halafu nikajua na sikukwambia. Nisamehe au usinisamehe, hiyo ni haki yako. Lakini koki hii isifunguliwe."

Jirani alimtazama. Halafu akamgeukia Meneja.

"Koki isifunguliwe."

"Mama Mwenyekiti, huyu amekiri mwenyewe mbele yenu kwamba ni muongo!"

"Amekiri," Jirani alisema. "Wewe bado."

Akachukua mkoba wake akaondoka bila kumpa Mama Vichupa hata salamu. Jumatatu ikaja barua ya onyo kali, yenye mihuri miwili. Mama Vichupa akaisoma, akaikunja, akaiweka ndani ya ile fremu mahali pa cheti, akaitundika ukutani. Mumewe aliuliza kama hiyo nayo awasomee wageni. "Wasomee," alisema, "tena kwa sauti." Meneja alikwenda mwenyewe machinjioni, safari hii kwa mabuti ya kuazima, akarudi ametapika, na wiki ile ile wakaanza kuchimba shimo jipya mbali na mto.

Lakini kiu haikwisha siku moja. Wapo waliomtukana kwenye foleni, wapo waliomgeuzia mgongo dukani. Alijibu matusi yote aliyoyaweza, na ndoo yake aliibeba mwenyewe. Kilichomuuma ni Jirani. Wiki tano alipita getini kila Ijumaa, akasimama mbali, akaukazia macho ubao, akaenda zake. Arobaini ikawa thelathini na tatu, ikawa ishirini na sita, ikawa kumi na tisa, ikawa kumi na tano. 

Ijumaa ya sita Mama Vichupa alikuwa anaandika, vumbi la chaki limejaa kwenye kope, akasikia viatu vinakuja mpaka karibu kabisa. Hakugeuka.

"Hiyo ya chini kabisa ni ngapi?" Jirani aliuliza.

"Kumi na mbili."

"Hukusuuza?"

"Sikusuuza."

"Kumi na mbili bado ni nyingi."

"Nyingi sana. Koki haifunguliwi."

 Jirani akasogea, akanyoosha mkono, akaufuta ubao wote kwa ncha ya kitenge chake mpaka ukabaki mweusi.

"Andika upya," alisema. "Kubwa. Macho yangu hayaoni vizuri siku hizi, na mimi nataka kusoma mwenyewe."

Mama Vichupa akaandika upya vituo vyote tisa, tarakimu kubwa kadiri ubao ulivyoruhusu, na Jirani alisimama pale pale mpaka akamaliza.