Nilivyokwenda Tororo Kutafuta Matandiko ya Ng'ombe

Nilivuka mpaka kwa sababu ya ng'ombe. Anaitwa Sikukuu, kwa kuwa alizaliwa asubuhi ya Krismasi, na aliyempa jina hilo ni marehemu mke wangu, Athieno. Baada ya mazishi watoto wetu walirudi kazini mijini, nami nikabaki Busia, upande wa Kenya, na ng'ombe huyo mmoja wa maziwa. Zizi lake lina sakafu ya saruji. Zamani nilimtandikia vumbi la mbao kutoka kwa maseremala, lakini wafugaji wa kuku wakaanza kulizoa lote kabla sijafika. Sikukuu akawa analala kwenye majimaji. Kiwele kikavimba, kikapona, kikavimba tena. Daktari wa mifugo alikibonyeza kwa vidole, akatikisa kichwa.

"Mzee Wandera, dawa nimetoa. Shida ni pale anapolala. Kikivimba tena, huyu ni wa bucha."

Jioni nilimpigia simu shemeji yangu Owor, kaka yake Athieno, anayeishi na mama yao karibu na Tororo. Nilitaka tu mtu wa kumwambia. Akacheka.

"Shemeji, wewe kuja hapa. Mama nakamua mavi ya ng'ombe na ile mashine ya mzee wetu ya kukamua muhogo. Ile kavu, ng'ombe nalalia. Ile maji nakwenda kwa shamba. Kuja uone."

Kesho yake, jua likiwa bado changa, nilifika mpakani. Siku hizi unahudumiwa ndani ya jengo moja, ukitoka mlango wa pili uko Uganda. Enzi zetu nilikuwa nikivuka nikisukuma baiskeli. Athieno na mama yake walikuwa wakiuza unga wa muhogo sokoni Busia, upande huo wa Uganda, nami nilinunua unga mwingi kupita mahitaji ya nyumba yetu, hata mama yangu akaniuliza kama nimefungua hoteli mahali. Nilitafuta pale walipokuwa wakitandika gunia lao. Pamejengwa duka la simu.

Nilichukua bodaboda. Tulipofika Tiira, wanaume waliokuwa na matope hadi magotini walikuwa wakiosha udongo kando ya mfereji.

"Mzee nakwenda kutafuta dhahabu?" dereva akanitania.

"Nakwenda kutafuta mavi ya ng'ombe."

Aligeuka kunitazama kwa muda mrefu, mpaka nikamsihi aangalie barabara.

Msitu wa Busitema ulikuwa na ubaridi wake uleule. Nyani walikaa kando ya lami wakingoja chochote kutoka kwa wasafiri. Athieno alikuwa akiukumbatia mkoba wake hapo, kwa maana siku moja walimpora mkate wa harusi ya binamu yake. Mbele kidogo, mwamba wa Tororo ukachomoza. Hakuwahi kuuona bila kusema, "Nimefika," hata kama safari ilikuwa bado. Safari hii nilisema mimi, polepole, ndani ya kofia ngumu aliyoniazima dereva.

Nyumbani kwao, Owor alinipokea langoni na kunipeleka moja kwa moja nyuma ya jiko, lililo na ukuta wa udongo na kidirisha kidogo juu. Mama mkwe wangu alikuwa ndani. Kwa desturi zetu, sisi Wasamia na wao Wajopadhola, mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawapeani mkono wala kutazamana usoni. Tangu nilipooa nilimjua kwa sauti, na tangu mazishi hata sauti sikuisikia.

"Mkwe umekuja," ilisema kutoka ndani, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Nimekuja, Mama."

"Watoto iko?"

"Wapo, Mama. Wazima."

"Haya. Shika kazi."

Mashine ilikuwa ile niliyoisikia ikilia siku nilipokuja kuposa: fremu ya mbao, parafujo nene ya chuma katikati, na mti wa kuzungushia. Owor alikoroga mavi mabichi na maji kidogo, akayajaza kwenye gunia, akaliweka chini ya ubao. Mimi nikashika mti. Majimaji ya kijani yalianza kutiririka kwenye mfereji kuelekea pipani. Nikaona kazi ni nyepesi. Nikazungusha kwa nguvu zangu zote.

Gunia likapasuka. Uji wa mavi uliruka ukanipiga kifuani, kwenye shati langu la kanisani, na mdomoni.

Kisha nyuma ya ukuta mama mkwe akaangua kicheko. Alicheka mpaka akakohoa.

"Polepole!" alisema. "Kama kukamua ng'ombe! Athieno alifanya vile vile. Alikuwa mtoto mdogo, ananing'inia kwa hiyo mti, miguu juu. Gunia ikapasuka, muhogo yote kwa nywele. Mimi nikachapa yeye."

Kicheko kikageuka. Nilimsikia akilia, nami nikalia pale nje, mikono ikiwa bado kwenye mti. Owor alichukua ndoo akaenda kisimani, na hakurudi upesi.

Sauti ilipotulia, ilinifundisha yote. Machicha yanayobaki guniani usimtandikie ng'ombe siku hiyohiyo. Yarundike yapate moto yenyewe, kisha uyaanike juani mpaka yakishikwa yasiache unyevu mkononi. Kila siku toa yaliyolowa. Majimaji yaache pipani, yachanganye na maji mengi, umwagie majani ya ng'ombe na migomba. "Nguvu ya shamba iko kwa ile maji. Usimwage kwa barabara."

Jioni nilipoaga, Owor alinifungia gunia la machicha makavu, mepesi, yenye harufu ya udongo baada ya mvua. Sauti ikaniita tena.

"Mkwe. Mimi nafikiri mtoto akikufa, njia pia nakufa. Wewe usiache majani kuota kwa njia."

"Sitaacha, Mama."

Niliporudi Busia nilimtandikia Sikukuu. Alinusa, akapiga chafya, akasimama akinitazama hadi nikachoka kungoja. Asubuhi nilimkuta amelala, ubavu umekauka. Fundi wa kuchomelea vyuma alinitengenezea mashine kama ile. Kiwele hakikupona chote; chuchu moja ilikwisha kufa. Tatu zinatoa maziwa, na daktari hasemi tena habari za bucha. Migomba nyuma ya nyumba imenenepa.

Nilikwenda kutafuta namna ya kukausha sakafu, nikajifunza kwamba hata ukwe unataka kutunzwa mikono ikiwa kazini, maana maneno ya kufarijiana hatukuwa nayo. Sasa kila maziwa yakizidi nakwenda Tororo. Kopo nampa Owor, kisha nakaa chini ya kile kidirisha. Mama huuliza watoto kwanza. Halafu huuliza:

"Na ile ng'ombe ya Athieno, imelala wapi?"

"Amelala pakavu, Mama."

"Haya," husema. "Sasa sema habari ya wewe."