Nani Aliyeziua Nyanya Zetu?

Nyanya zangu zilianza kukunja ngumi siku ya Jumanne.

Sitanii. Jumatatu nilizipita zimesimama vizuri. Jumanne asubuhi majani ya juu yalikuwa yamejikunja kwa ndani, jani juu ya jani, na mashina yamepinda shingo yakitazama chini.

Nikasema ni kiu. Nikamwagilia.

Jumatano likafuata tuta la pili. Ijumaa, maharage.

Shamba letu ni dogo, ukisimama mlangoni unaliona lote. Mama alituachia wawili, mimi na mdogo wangu. Tunalima mboga bila kemikali hata tone. Wadudu tunawapulizia maji ya vitunguu saumu na pilipili, magugu tunang'oa kwa mkono, na kila Jumamosi familia thelathini zinapelekewa vikapu vyao vya mboga.

Mdogo wangu wateja wanamwita Mchicha, kwa wembamba wake. Ana mke na watoto wawili, na ana mdomo huyo! Hawezi kupanda mche bila kuusemesha. "Kaa hapo, bibie, usinitie aibu."

Mimi ndiye mkali. Mimi napanga, yeye anafanya, na tulikuwa tunaelewana hivyo hivyo.

Msimu ule nilikuwa nimepania. Wateja wameongezeka, mboji yetu haitoshi, basi wiki mbili kabla ya mvua nikaagiza lori mbili za samadi kutoka zizi moja la ng'ombe wa maziwa. Nyeusi, imeiva, haina hata harufu. Mchicha akaisambaza tuta kwa tuta mpaka ikakaribia kuisha. Matuta manne ya kando ya tangi la maji, ambayo nayahudumia mwenyewe, nikayapa mboji yetu ya zamani.

Mvua ikaja. Tukapanda. Wiki ya tatu ndipo balaa likaanza.

Na balaa lenyewe lilikuwa linachagua. Kabichi halikuzigusa. Mahindi ya mpakani halikuyagusa. Nyanya, maharage, saladi na hoho ndizo zilizokwenda, moja baada ya nyingine.

Matuta yangu manne yakabaki kijani kabisa.

"Dada, hizi zina njaa au zina nini?" Mchicha aliuliza. Alikuwa amechuchumaa, ameshika jani kwa vidole viwili.

"Ziongezee samadi," nikamwambia.

Akaziongezea. Ndoo mbili mbili kila tuta. Zikazidi kujikunja.

Nikamwita mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima, mama wa makamo ambaye amelima tangu sijazaliwa. Alichuma jani moja, akaligeuza, uso ukambadilika.

"Mwanangu, huu si ugonjwa. Hii ni dawa ya magugu."

"Haiwezekani, mama."

"Nimeiona mara nyingi. Nani anashika pampu hapa?"

Pampu anaishika mmoja tu.

Nikakumbuka wiki iliyopita. Mchicha alikuwa analalamika mgongo, magugu yamezidi. "Wenzetu wanapuliza mara moja wanakwenda kulala, dada." Siku ile nilicheka. Sasa sikucheka.

Kikundi kina sheria yake. Aliyepuliza kemikali anatolewa kikundini. Asipotajwa, shamba zima linavuliwa cheti cha kulima bila kemikali, na bila cheti hakuna kikapu hata kimoja.

Nilimkuta kwenye stoo ya zana.

"Umepuliza nini shambani?"

"Vitunguu saumu na pilipili. Njoo unuse."

"Mbona matuta yangu hayajaguswa? Yale usiyoyashika wewe?"

Akatazama pembeni. Kule kutazama pembeni ndiko kulikonimaliza.

"Sijui, dada. Naapa kwa kaburi la mama."

"Mama usimwingize humu!"

Alifungua mikanda ya pampu taratibu, akaitua chini. Akanitazama kama mtu aliyegonga mlango wa kwao akafunguliwa na mgeni.

"Yaani ni wewe unayeniambia hivyo?"

Akavua buti za shamba, akaziacha hapo, akaondoka na soksi tu miguuni.

Jamani, ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Sikuishia.

Nilichukua picha yake, ana pampu mgongoni, anacheka, niliyompiga mimi mwenyewe mwaka uliopita. Nikaiweka kwenye ukurasa huu huu mnaousoma, na jina lake kamili. Nikaandika: "Huyu ndiye aliyetia sumu shamba la mama yetu. Wakulima, jihadharini naye."

Mlinipa pole nyingi sana. Mlisambaza. Na niseme ukweli, kila pole ilinifanya nijisikie nina haki.

Nikang'oa mimea yote iliyojikunja. Nikapanda miche mipya, nikaipa samadi iliyobaki, kwa mikono yangu. Pampu nikaiweka chini ya kitanda changu. Geti nikalitia kufuli, ufunguo nikauvaa shingoni.

Siku ya kumi na mbili nilitoka na kikombe cha chai mkononi.

Majani yalikuwa yamekunja ngumi.

Hakuna aliyeingia. Pampu haikutoka. Palikuwa na mimi peke yangu pale, na nyayo zangu peke yake kwenye matope. Niliogopa, jamani. Niliangalia viganja vyangu, nikavifuta kwenye sketi, nikavifuta tena.

Nikamwita bwana shamba, na alipokuja hakuuliza habari za pampu. Aliuliza kitu kimoja.

"Samadi mmeitoa wapi?"

Akapanga makopo matatu dirishani kwangu. La kwanza akatia mboji yetu ya zamani, la pili ile samadi ya lori, la tatu akachanganya. Kila moja akafukia maharage.

"Usiguse. Mwagilia tu."

Kwa wiki tatu nilikuwa naamka na kwenda dirishani kabla hata ya kunawa uso. Kopo la kwanza maharage yalisimama wima. La tatu yakapinda. La pili yalitoka ardhini yamekwisha kujikunja.

"Ng'ombe walilishwa majani makavu yaliyopulizwa dawa ya magugu," bwana shamba akanieleza. "Kuna dawa nyingine haifi tumboni. Inapita kwa ng'ombe, inatoka na samadi, inakuja kwako. Ng'ombe haumwi, mahindi hayashtuki. Nyanya na maharage ndiyo yanakufa."

"Na udongo?"

"Utapona. Msimu mmoja, miwili, pengine zaidi."

Kumbe lori niliita mimi. Ndoo mbili mbili niliamuru mimi. Mchicha alifanya kile nilichomwambia, kwa moyo wote, na kadiri alivyofanya vizuri ndivyo shamba lilivyokufa.

Mngedhani nilimpigia simu saa ile ile. Thubutu! Niliona aibu. Nikajiambia, nianze kwanza na huyo mwenye majani, nimpate mtu mwingine wa kumlaumu.

Mwenye zizi alinielekeza kwenye shamba kubwa la nyasi anakonunulia majani ya ng'ombe wake. Nilikwenda nimefura, maneno yote nimeyapanga.

Katikati ya nyasi palikuwa na mtu anapuliza. Pampu mgongoni, kitambaa mdomoni, anatembea mstari kwa mstari. Nikapaza sauti.

"Wewe! Unajua hiyo dawa yako imeua mboga za watu?"

Akageuka. Akashusha kitambaa.

"Shikamoo, dada," akasema Mchicha.

Nikamsogelea mpaka kwenye mstari wake.

"Hii kazi..." nikaanza.

"Nilizunguka mashamba sita ya mboga. Kila nikitaja jina langu, mtu anatoa simu, ananionesha picha yangu. Hapa ndipo hawakujali. Walisema, kumbe wewe unajua kupuliza."

Alikohoa, akageukia pembeni, akatema. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa inabambuka. Mikono ile iliyokuwa inasemeshana na miche.

Nikamweleza yote, samadi, makopo, ujinga wangu. Nikapiga magoti palepale kwenye nyasi zilizolowa dawa. Akaninyanyua haraka.

"Usipige magoti hapa, utaungua."

"Nisamehe, mdogo wangu. Turudi nyumbani."

"Nimekusamehe." Alivuta mikanda ya pampu mabegani. "Ila kunitangaza ulinitangaza mbele ya watu wote, dada. Msamaha umekuja kuniomba huku porini, ambako hakuna anayesikia."

Akapandisha kitambaa chake, akaendelea na mstari wake.

Basi ndiyo maana leo nimeandika. Chukueni mnachotaka kuchukua. Mimi nimejifunza kwamba nilipoona kitu changu kinakufa, nilikagua mikono ya kila mtu kabla ya kukagua yangu, na nikamkosesha ndugu yangu mahali pa kwenda.

Mdogo wangu hakupuliza. Sumu niliileta mimi, kwa lori mbili, mchana kweupe, huku nikiisifia.

Ile picha yake mliisambaza watu elfu moja na mia nne. Nawaombeni, na hii muisambaze hivyo hivyo, mpaka ifike kwenye yale mashamba sita.