Karanga Moja Kwenye Mteremko wa Muze

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa sita, wakati baridi ya Sumbawanga inapoingia mpaka kwenye mifupa. Nimekaa juu ya magunia ya maharage ndani ya lori, nimempakata Beni, mtoto wangu wa kwanza. Alikuwa na miezi saba na meno mawili ya chini. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, na akili yangu, mwanangu unayenisikiliza, nayo ilikuwa ndiyo kwanza inaota meno.

Tulikuwa tunashuka bondeni, Muze, ili wakwe zangu wamwone mjukuu wao. Kabla sijatoka, mama yangu alichemsha kiazi kitamu, akakiweka kwenye bakuli safi lenye mfuniko. "Akisikia njaa, subiri gari lisimame, umpondee," aliniambia. Nilikiacha mezani makusudi. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya, sikutaka watu wa stendi wanione nimebeba kiazi kama ninayekwenda palizi. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Mimi nilidharau kiazi. Stendi nikanunua karanga za kukaanga, za kutafuna mwenyewe njiani.

Tulipoanza kuuteremka mlima wa kuingia bondeni, Beni akaanza kulia. Nikampa ziwa, akalikataa. Nikambembeleza, akazidi. Mzee mmoja akanitazama kwa jicho la kuchoka, akasema, "Mama, hebu mnyamazishe huyo mtoto." Uso ukaniwaka kwa aibu. Nikatoa karanga, nikaifikicha ganda, nikamtia mdomoni. Moja tu, mwanangu. Akanyamaza, nami nikajiona mama hodari.

Wahenga hawakukosea: mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Gari likaruka juu ya jiwe. Beni akafumbua mdomo, lakini sauti haikutoka. Mwanzoni sikuelewa. Mtoto aliyepaliwa kabisa hapigi kelele, na ndiyo maana watu hukaa ubavuni mwake wasijue. Macho yakamtoka. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Nikamtia kidole kooni, nikaigusa ile karanga kwa ncha ya kucha, ikateleza ikaenda ndani zaidi. Hilo nalo lilikuwa kosa, la pili baada ya la kwanza.

Nikapiga yowe. Watu wakagonga kibanda cha dereva. Naye akajibu kwa kelele, "Hapa hakuna pa kusimama! Tuvuke kona kwanza!" Kushoto ukuta wa mawe, kulia bonde tupu, magunia yanatusukuma kwa nyuma.

Mbele yangu alikuwa amekaa mama mtu mzima, Msukuma, ambaye familia yake ilihamia bondeni na ng'ombe wao. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo stendi, tangu hapo hakuwa amesema neno. Wengine walimwita Mama Minza. Akaninyooshea mikono.

"Nipe."

Nilimkumbatia Beni nisimwachie. Woga hukufanya uzuie hata msaada.

"Binti, nipe mtoto!"

Akamnyakua. Akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, akauegemeza pajani, kichwa cha mtoto chini kuliko kiwiliwili, taya amelishika. Akampiga kati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Mara moja. Mara ya pili. Akafika tano. Kimya. Akamgeuza chali, kichwa bado chini, akamkandamiza katikati ya kifua kwa vidole viwili, tano tena. Kimya. Mikono ya Beni ilikuwa imelegea, inaning'inia kama nguo.

Akamrudisha kifudifudi. Pigo la tatu, karanga ikadondoka juu ya gunia.

Kisha Beni akavuta pumzi, akalia. Kilio kilekile nilichokuwa nakikimbia.

Nilinyoosha mikono nimchukue. Mama Minza akakataa. "Unatetemeka. Utamwangusha." Nikaanza kumshukuru kwa machozi, akanikatiza. "Usinishukuru. Wa kwangu alikwamwa na punje ya hindi, porini, tukiwa tunaswaga ng'ombe. Nilimtia kidole kama wewe. Nilimzika palepale. Baadaye ndipo nesi wa kliniki akanifundisha haya." Akaniangalia sana. "Leo nimo kwenye gari. Kesho utapanda gari ambalo mimi simo. Utafanyaje?"

Tulipofika Muze akatupeleka mwenyewe zahanati, mtoto akapimwa, kisha akaenda zake. Sikumwona tena. Lakini wiki iliyofuata nilikwenda kliniki, nikamwomba nesi anifundishe mpaka mikono ikazoea.

Sasa wewe, mwanangu, uliyemfunga mbelekoni mtoto wa miezi saba, unakwenda Kasanga au Ilemba au popote, nisikilize. Cha njiani kiwe laini, kinachopondeka kati ya vidole vyako viwili: ndizi mbivu, parachichi, boga au kiazi ulichochemsha asubuhi ileile. Ndizi na parachichi ni rahisi kuliko vyote, kwa kuwa vinasafiri na maganda yake, unamenya pale pale ukishanawa mikono. Karanga nzima, bisi, punje ya hindi, kipande cha muwa, visimkaribie. Karanga isage iwe laini kabisa, uichanganye kwenye uji. Asali isubiri atimize mwaka. Mlishe ameketi wima, gari limesimama, macho yako usoni pake. Akilia kabla ya hapo, mwache alie, na anayekunja uso akunje, hatakusaidia kubeba jeneza.

Na kabla hujasafiri, nenda kliniki. Usiseme umesikia kwa bibi; maneno yangu hayatoi karanga kooni. Mwambie nesi akuonyeshe, nawe ufanye mbele yake, na baba wa mtoto afanye, na dada anayemlea afanye.

Mungu akupe mikono isiyotetemeka, na akujalie usiihitaji. Mtoto wako ale, ashibe, akue, siku moja akubebe wewe mgongoni.