Mpira wa Kikombe cha Momanyi

Nakumbuka vizuri siku niliyonunua kikombe kile kwenye duka la Mhindi mjini Kisii, mwanangu, maana nilikibeba kwa maringo mpaka huku Ikonge. Kilikuwa cha plastiki, chekundu, na mfuniko wake ulikuwa na mdomo wa kunyonyea. Ndani ya mfuniko kulikuwa na kampira ka kuzuia kumwagika. Miaka hiyo ya tisini watoto wa hapa walinyweshwa kwa kikombe cha bati. Wangu, Momanyi, akanywa kizungu. Nilivimba kichwa, we acha tu!

Kila asubuhi nilikijaza uji wa wimbi, nikamfunga Momanyi mgongoni, tukaenda kuchuma chai. Jioni nilikisuuza, nikakianika. Ule mpira sikuutoa hata siku moja. Sikujua hata kwamba unatoka. Kikombe kikinuka uchachu sikushtuka, kwa sababu uji wetu huchachushwa, na harufu yake ndiyo hiyo.

Momanyi akaanza kuhara na kutapika. Alipata nafuu, akaugua tena, mpaka shingo ikashindwa kubeba kichwa. Niliogopa nitamzika.

Sasa sikia ujinga wangu. Jirani yangu, Mama Nyaboke, alizoea kumbeba na kumsifu, "Huyu amenona jamani!" Mimi nikasema ana jicho baya, ndilo linalomwuguza mtoto. Nilisema kisimani, mbele ya wanawake. Tangu siku hiyo, akipita njiani, akina mama walifunika watoto wao kwa leso.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyeniuliza, "Mtoto hunywa na kikombe gani?" Nikakitoa kwenye kikapu, bado na maringo kidogo. Akachomoa mpira kwa ncha ya kibanio cha nywele. Chini yake kulikuwa na kuvu nyeusi, yenye utelezi, imeshikana na uji wa zamani.

"Mama, umekuwa ukimnywesha hii," akasema.

Nilitamani ardhi inimeze.

Momanyi alipona. Nilikwenda kwa Mama Nyaboke nikakuta kufuli mlangoni. Kwa maneno yangu yale, mumewe alikuwa amemrudisha kwao, Magwagwa. Nikamfuata huko na mtoto mgongoni, nikapiga magoti uani, nikalia. Hakunitukana. Alifunika macho yake kwa viganja.

"Mpeleke nyumbani," akasema, "nisije nikamwangalia."

Hakurudi tena Ikonge.

Kwa hiyo, mwanangu, hicho kikombe ulichomnunulia mtoto, fungua kila kinachofunguka. Toa mpira, sugua chini yake kwa maji ya moto na sabuni, kausha juani. Usipotoka, kitupe, umpe kikombe cha wazi ambacho unaona mpaka chini. Na mtoto akiugua, mpeleke zahanati, na uangalie vyombo vyako kwanza kabla hujataja jina la mtu.

Mungu akulindie huyo mdogo. Akupe na jirani wa kumsifu mtoto wako bila kuogopa.