Donge la Damu na Manyasi ya Baba Mdogo

"Wewe Nyar Seme, ulipanda mahindi kabla ya mama mkwe wako. Hii ni chira. Mtoto ndiye analipa!"

"Jino la utoto limeng'oka, Shemeji. Jino tu! Kaa kando nimpe dawa."

Nilipokuwa mtoto kule Katito, ugomvi huo kati ya baba mdogo na mama, aliyeitwa Nyar Seme, yaani binti wa Seme, niliusikia nikiwa nimeshika beseni. Mdogo wangu Ouma alikuwa akitema damu humo tangu asubuhi. Alizaliwa na damu isiyoganda upesi. Goti likigongwa kidogo, linavimba kama papai. Hospitali mjini Kisumu walishaupa ugonjwa jina, wakampa mama vidonge. Kijijini jina hilo halikuwa na nguvu. Lenye nguvu lilikuwa chira, laana ya aliyevunja mwiko.

Mama alisaga kidonge, akakikoroga majini, akalowesha shashi, Ouma akaing'ata. Polepole donge jeusi likakaa penye pengo.

"Usilirambe. Usisukutue," mama akamwonya.

"Damu itarudi," baba mdogo akasema. "Mtaniambia."

Mama alipokwenda kuchota maji, yeye akaja na kibuyu cha manyasi, mitishamba ya kuondoa chira. Akamwamuru Ouma asukutue kwa nguvu, ateme. Donge likaanguka ndani ya beseni langu kama kipande cha ini. Damu ikarudi.

"Si nilisema?"

Majirani wakatikisa vichwa. Kweli, alisema. Mtu anabomoa paa, kisha anatabiri nyumba itavuja!

Mama hakulia. Alichungulia beseni, akaona, akamsukuma shemeji yake nje, akafunga mlango. Akaanza upya: saga, koroga, lowesha.

"Dawa hii haitengenezi donge," akanieleza, kama nesi alivyomwambia. "Inalilinda lisiyeyuke. Kulilinda na watu ni kazi yetu."

Tukaketi tumeegemea mlango. Baba mdogo akapitisha kibuyu dirishani. Mama akakipokea kwa adabu zote, akamwaga manyasi juu ya mahindi yake yale yale, yaliyoota chini ya dirisha. Damu ikakoma.

Msimu uliofuata mama alitangulia tena kupanda, mchana kweupe. Meno ya Ouma yaliendelea kung'oka, na kila mara ilikuwa vidonge na mlango kufungwa.

Vitabu vya afya nilijisomea mwenyewe baadaye. Nikajua ugonjwa ule mara nyingi hupitia kwa mama. Nikamweleza baba mdogo, mzee sasa, nikidhani ataelewa. Akapiga paja kofi: "Basi si nilisema ni yeye!"

Nikawaka. Hata masikio hurithiwa. Nani aliwahi kushtakiwa kwa masikio ya mwanawe? Kurithisha si kukosa. Miiko ya kupanda mbegu siitukani, ina wenyewe. Ninachokataa ni mama kubebeshwa lawama ya donge lililong'olewa na mkono wa mwingine, hadi leo akipita sokoni watu wananong'ona.

Ouma yu hai, anatafuna mahindi ya kuchoma kwa meno yake ya utu uzima. Baba mdogo, nenda kwa mama, uite majirani wale wale, umwombe msamaha.